Mtoto Wako Anacheza na Nani? Mwongozo Kamili wa Kupima Faida na Hatari za Gemu za Mtandaoni

Gemu za mtandaoni za wachezaji wengi, kama Roblox, Minecraft, Fortnite na Free Fire, zinatofautiana na gemu za mtu mmoja kwa jambo moja kubwa: upande wa pili wa skrini kuna watu. Faida kubwa kuliko zote anayoipata mtoto humo inatoka kwa watu hao, na hatari kubwa kuliko zote inatoka kwa watu haohao. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "gemu hii ni nzuri au mbaya?" atazunguka sana bila kupata jibu. Gemu ileile inaweza kumjenga mtoto anayecheza na binamu zake, na ikamweka mwingine mikononi mwa mtu mzima mwenye nia mbaya.

Swali linalojibika ni hili: mtoto wangu, kwa umri wake na tabia yake, anacheza na nani, akaunti yake imewekwaje, na nani anafaidika anapokaa humo muda mrefu? Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua hadi uweze kulijibu. Si lazima uzimalize hatua zote kwa siku moja. Ukiwa na jioni moja tu, anza na ya nne, ya tano na ya sita.

Hatua ya 1: Mwambie mtoto akuonyeshe

Usianze kwa kusoma habari za kutisha. Anza kwa kukaa kando ya mtoto na kumwambia, "Hebu nionyeshe." Ukimuuliza "unacheza nini?" utapewa jina la gemu basi. Ukimwomba akuonyeshe, atakufungulia alichojenga, atakutajia wenzake, atakueleza kwa nini jana alishindwa. Sikiliza majina. Mtoto anayesema "huyu ni fulani wa darasani kwetu, yule ni mdogo wake" yuko mahali tofauti kabisa na anayesema "hawa ni marafiki zangu wa humu, siwajui sura."

Halafu chukua karatasi uandike faida unazoziona kwa macho, si zile unazodhani zipo. "Inamfundisha kufikiri" haitoshi. "Juzi alipanga na wenzake watatu nani achimbe, nani ajenge, nani alinde, na walipokosana wakapatana wenyewe" ni faida halisi. Ziko nyingine za namna hiyo. Mtoto aliyehama shule anaendelea kuwa na wenzake wa zamani. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo anakimbia sawasawa na wengine. Mtoto mwenye haya anapata la kuzungumza na wenzake kesho yake. Katika Minecraft watoto hutengeneza mitambo inayofanya kazi kwa mantiki inayofanana na ya saketi za umeme, na ndani ya Roblox mtoto anaweza kutoka kwenye kucheza akaingia kwenye kuunda gemu zake mwenyewe kwa lugha halisi ya programu. Huo ni ujuzi atakaobaki nao.

Tusiione faida hii kama kisingizio cha watoto. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataja kucheza kuwa haki, na mwaka 2021 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa maelezo rasmi kwamba haki za mtoto zinamfuata hadi mtandaoni. Utafiti wa Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha karibu vijana 5,000 wa Uingereza wenye miaka 10 hadi 15, uliwakuta waliocheza chini ya saa moja kwa siku wakiwa na hali nzuri kidogo ya kihisia na kijamii kuliko wasiocheza kabisa, na waliozidisha saa tatu wakiwa na hali mbaya kidogo. Tofauti zenyewe zilikuwa ndogo, kwa faida na kwa hasara. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi wanatumia nguvu zao zote kugombania dakika, huku swali la nani anazungumza na mtoto likikosa wa kuliuliza.

Hatua ya 2: Ichunguze gemu kwa maswali manne

La kwanza, nani anaweza kumfikia mtoto humo? Tafuta kama kuna ujumbe wa maandishi, mazungumzo ya sauti, maombi ya urafiki, zawadi kati ya wachezaji, na kama mtu asiyejulikana anaweza kuanza yeye.

La pili, nani anatengeneza kilichomo? Katika gemu nyingi ni kampuni. Roblox, iliyofunguliwa mwaka 2006, ni tofauti: ni jukwaa lenye gemu nyingi mno zilizoundwa na watumiaji wenyewe. Kwa hiyo kusema "namruhusu Roblox" hakujamaliza neno, kwani ndani yake kuna bustani za kulea wanyama na kuna mahali ambapo hungependa mtoto akanyage. Unaruhusu gemu mojamoja.

La tatu, gemu inapata pesa wapi? Ya kulipia mara moja haina sababu kubwa ya kumvuta mtoto arudi kila siku. Ya bure inaishi kwa wanaonunua wakiwa tayari ndani.

La nne, mchezo unaishaje? Mechi ya Free Fire ina wachezaji 50 na huisha kwa takriban dakika 10. Fortnite, katika mtindo wake maarufu wa wachezaji 100, huchukua kama dakika 20 kwa atakayefika mwisho. Minecraft haina mwisho. Utaona katika hatua ya nane kwa nini jambo hili lina uzito.

Alama za umri zisome, ila ujue mipaka yake. ESRB ya Marekani, iliyoanza mwaka 1994, na PEGI ya Ulaya, iliyoanza mwaka 2003, zinakusaidia sana kujua kama kuna damu, matusi au mambo ya kikubwa. Lakini ESRB yenyewe hutangaza kwamba mawasiliano ya wachezaji mtandaoni hayakupimwa katika alama zake. Gemu yenye alama ya watoto wote inaweza kumkutanisha mtoto wa miaka minane na mtu yeyote duniani, na alama ikabaki palepale.

Kuhusu damu na bunduki sitakaa sana. Gemu ya watu wazima isichezwe na mtoto, na mtoto anayeota ndoto mbaya apumzishwe. Lakini nikiambiwa nichague la kuhofia, bunduki ya katuni naiweka chini sana ya mgeni mwenye maneno matamu.

Hatua ya 3: Icheze mwenyewe

Jioni mbili tatu zinatosha. Fungua akaunti yako, washa sauti ya wachezaji wengine, usiseme kitu, sikiliza. Utajua lugha inayotumika humo, utaona matangazo ya kununua yanajitokeza lini, na utajifunza ukurasa wa mipangilio uko wapi. Akaunti hiyo usiifute, utaihitaji kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 4: Rekebisha tarehe ya kuzaliwa

Kama kuna jambo moja la kufanya leo kabla ya kulala, ni hili. Watoto wengi huandika mwaka wa uongo wanapofungua akaunti, kwa sababu gemu inawakatalia au kwa sababu kaka mkubwa amewaambia hivyo. Mara nyingine ni mzazi mwenyewe aliyeandika tarehe yake ili mambo yaende haraka. Matokeo yake ni kwamba mfumo unamhesabu mtoto wa miaka tisa kuwa mtu wa miaka 22, na kinga nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto hazimgusi.

Kinga hizo zipo kweli. Sheria ya Marekani ya faragha ya watoto mtandaoni, iliyopitishwa mwaka 1998, inazitaka kampuni kupata idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za aliye chini ya miaka 13, na kwa kuwa kampuni nyingi kubwa ziko chini ya sheria hiyo, umri wa miaka 13 umekuwa mstari unaotumika karibu kila mahali. Fortnite huwapa walio chini ya umri huo akaunti yenye vizuizi hadi mzazi atoe idhini. Roblox, tangu Novemba 2024, imezuia walio chini ya miaka 13 kutumiana ujumbe binafsi nje ya gemu, na mzazi anaweza kuunganisha akaunti yake na ya mtoto akasimamia kutoka kwenye simu yake. Sehemu kubwa ya haya inategemea tarehe uliyoandika.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya akaunti pamoja na mtoto, uangalie tarehe. Ikiwa si ya kweli na mfumo haukubali kuibadilisha, waandikie huduma kwa wateja, au fungua akaunti mpya. Mtoto atalia kwa ajili ya vitu alivyokusanya kwenye akaunti ya zamani. Machozi hayo ni ya kweli, usiyadharau. Mpe muda wa kupiga picha za skrini za alivyojenga, kisha endeleeni.

Ukiwa hapohapo, malizia mambo mengine. Barua pepe ya akaunti iwe yako, si yake. Nenosiri liwe refu na lisitumike popote pengine. Washa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na namba ya siri inayotumwa kwako), kwa sababu akaunti yenye vitu vya thamani huibwa, na mtego wa kawaida ni tovuti inayoahidi bure sarafu za kununulia vitu vya ndani ya gemu, ikiomba jina na nenosiri. Mwambie mtoto waziwazi kwamba hakuna tovuti inayogawa sarafu hizo bure. Jina la kuchezea lisiwe na jina lake kamili, mwaka aliozaliwa wala jina la shule, na picha ya wasifu isiwe sura yake.

Hatua ya 5: Funga mawasiliano, kisha ujaribu kama yamefungwa

Kwa mtoto wa shule ya msingi, ushauri wangu ni mfupi. Sauti izimwe, na ujumbe na maombi ya urafiki viruhusiwe kwa watu anaowajua uso kwa uso tu. Sauti ina shida ya peke yake. Maneno ya kuandikwa huchujwa na mfumo na hubaki yakionekana, lakini ya sauti yakishatoka yametoka. Akiwa mkubwa ukamruhusu sauti, acheze sebuleni bila vipokea sauti vya masikioni, angalau mwanzoni, ili ulisikie genge lake kama vile wangekuja nyumbani.

Usichukulie kwamba mipangilio ya mwanzo inamlinda mtoto. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilitangaza makubaliano na Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, ya jumla ya dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilikuwa adhabu kuhusu faragha ya watoto, na moja ya malalamiko ya tume lilikuwa kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi yalikuwa wazi tangu mwanzo, watoto wakachanganywa na wageni na wengine wakatukanwa na kusumbuliwa. Kampuni imebadilisha mambo tangu wakati huo, lakini kesi hiyo inakuonyesha kwa nini mipangilio ni lazima uipitie mwenyewe.

Ukimaliza kufunga, jaribu. Chukua ile akaunti yako ya hatua ya tatu, mtafute mtoto kwa jina lake la kuchezea, umtumie ombi la urafiki, halafu umtumie ujumbe. Jaribu pia kumfuata hadi kwenye mechi aliyomo. Usiyoweza kuyafanya wewe, mgeni naye itamwia vigumu kuyafanya. Ukifanikiwa kumfikia, kuna swichi uliyoiruka. Jaribio hili lina thamani kuliko kusoma maelezo ya kampuni, kwa sababu mipangilio hukaa sehemu tatu tofauti: kwenye gemu, kwenye konsoli (mashine ya kuchezea gemu) au simu, na kwenye akaunti ya duka la programu. PlayStation, Xbox na Nintendo Switch zote zina usimamizi wa mzazi, na kwa simu kuna Family Link ya Google na udhibiti wa muda wa Apple. Ukifunga sehemu moja ukaacha nyingine, hujafunga.

Kama mtoto na wenzake wanacheza Minecraft, seva ya faragha ni suluhisho zuri sana. Wanaingia walioalikwa tu. Faida ya kucheza na watu inabaki, na sehemu kubwa ya hatari ya wageni inaondoka.

Hatua ya 6: Mfundishe jinsi mrubuni anavyokuja

Wazazi wengi huwaambia watoto "usiongee na wageni," na wakaridhika. Tatizo ni kwamba anayerubuni watoto hakai kuwa mgeni. Anakuja akiwa mchezaji hodari, mcheshi, mwenye subira. Mwonyeshe mtoto mlolongo wenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya kawaida.

Kwanza anasifu: "Dah, unacheza vizuri! Tuwe timu moja." Siku kadhaa wanashinda pamoja. Hapo hakuna kosa lolote, na ndiyo sababu mtoto haoni kitu.

Kisha anatoa zawadi, kwa mfano skini, yaani mwonekano mpya wa mhusika wa kwenye gemu: "Nimekununulia hii skini, wala usijali, zawadi tu." Sasa mtoto ana deni moyoni.

Kisha anauliza maswali madogomadogo: "Uko peke yako hapo? Mama yako anarudi saa ngapi? Una miaka mingapi? Mimi nina kumi na tatu."

Kisha anahamisha: "Humu wanakata maneno yetu, njoo tuongee kwenye programu ile nyingine." Hapa ndipo pa kusimama. Anamtoa mtoto mahali penye vichujio na rekodi na kumpeleka mahali ambapo huenda mzazi hajui kama mtoto ana akaunti. Mfundishe mtoto kwamba sentensi hiyo, ikitoka kwa mtu ambaye hajawahi kumwona uso kwa uso, ni kengele, hata kama mtu mwenyewe amekuwa mwema kwa miezi.

Kisha inakuja siri: "Usimwambie baba, atakufungia gemu." Halafu ombi la picha. Akishaipata picha, sauti hubadilika: tuma nyingine, au tuma pesa, la sivyo naisambaza kwa rafiki zako wote. Katika utapeli huu wa kudai pesa, wanaolengwa zaidi ni wavulana walio katika umri wa balehe, ingawa wazazi wengi hudhani binti peke yake ndiye wa kulindwa.

Iangalie tena ile sentensi ya siri. Inafanya kazi kwa sababu moja tu: mtoto anaiamini. Anajua akisema atanyang'anywa gemu. Kwa hiyo ahadi moja unapaswa kumpa leo na kuishika: "Ukiniletea jambo lililokutokea humo, hata kama wewe ndiye uliyevunja sheria yetu, sitakunyang'anya gemu kwa sababu ya kuniambia." Ukiivunja mara moja, mrubuni amekuwa mkweli na wewe umekuwa mwongo.

Mpe pia maneno ya kutokea, kwa sababu watoto wengi hubaki kwenye mazungumzo kwa adabu tu. "Natoka, naitwa." Halafu anazima. Hana haja ya kueleza, wala kuaga vizuri. Mwambie kwamba kumzuia mtu si utovu wa heshima.

Hatua ya 7: Ielewe pesa ya humo kabla haijakutoka

Sarafu za ndani, kama Robux za Roblox au V-Bucks za Fortnite, zinamfanya mtoto asahau kwamba anatumia pesa. Chukulia skini inauzwa sarafu 1,200, na vifurushi ni vya sarafu 1,000 au 2,500. Kifurushi kidogo hakitoshi. Kikubwa kinabakiza 1,300, na salio hilo linamwita mtoto arudi dukani. Kaa naye mpige hesabu hiyo pamoja, mbadilishe sarafu kuwa pesa halisi, muandike bei ya kweli ya skini. Ni somo zuri la hesabu, na kwa kawaida linampoza mtoto kuliko kukatazwa.

Masanduku ya bahati ni jambo zito zaidi. Unalipa bila kujua utapata nini, na kitu kizuri hutoka kwa nadra. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku yanayolipiwa namna hiyo ni kamari chini ya sheria yake. Huhitaji kusubiri sheria ya nchi yako. Kwa mtoto mdogo, sanduku la bahati la kulipia jibu ni hapana.

Upande wa vitendo: usiweke kadi ya benki wala akaunti ya pesa ya simu kwenye kifaa anachotumia mtoto. Weka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi kwenye duka la programu, au washa mpangilio unaotaka idhini ya mzazi. Kama unataka anunue, mpe kadi ya zawadi yenye kiasi maalumu, ikiisha imeisha. Na ukikuta makato usiyoyajua, omba kurejeshewa mapema, duka la programu kwanza kisha kampuni ya gemu. Dola milioni 245 za makubaliano yale ya Epic zilikuwa za kuwarejeshea wateja, baada ya tume kulalamika kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia.

Hatua ya 8: Pima muda kwa mechi, si kwa dakika

Ugomvi mwingi wa nyumbani kuhusu gemu unatokea katika dakika tano za mwisho. Mzazi anasema "zima sasa," mtoto anasema "ngoja kidogo," na kila mmoja anaamini mwenzake hana heshima. Fikiria mtoto anacheza mpira uwanjani, timu zimefungana, wewe unafika na kumtoa kwa mkono. Wenzake wanabaki pungufu. Katika gemu nyingi za mashindano, anayetoka katikati hupunguziwa alama au hufungiwa kwa muda, na wenzake humlaumu. Anapokataa kuzima mara nyingine ni ukaidi kweli, lakini mara nyingi ni uaminifu kwa timu.

Kwa hiyo panga kwa mechi. "Leo mechi tatu," au "usianzishe mechi mpya baada ya saa moja na nusu usiku." Ndiyo faida ya kujua mchezo unaishaje. Kwa gemu zisizo na mwisho, kubalianeni jambo la kumalizia: akikamilisha ukuta huu, anahifadhi na kutoka. Mpe taarifa dakika 15 kabla, ukiwa umesimama karibu, si kwa kupiga kelele kutoka chumba kingine.

Kiasi gani kwa siku? Anza na visivyopunguzwa, kisha gemu ichukue kinachobaki. Usingizi ndio wa kwanza: chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Ongeza shule, kazi za nyumbani, chakula cha pamoja na kuchezacheza nje. China iliweka sheria mwaka 2021 ya saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa kila aliye chini ya miaka 18. Sioni sababu ya familia kuiga ukali huo, ila siku zilizopangwa ni wazo zuri: mtoto anayejua siku yake haombi kila saa. Na kifaa kisilale chumbani kwake. Hilo silijadili.

Angalia pia zawadi za kuingia kila siku na vitu vinavyopatikana kwa msimu mmoja tu. Zimewekwa ili mtoto aone akikosa siku moja amepoteza. Mwambie hivyo kwa uwazi. Watoto hawapendi kuchezewa akili, na wakishaiona hila wengi huanza kuicheka.

Kuhusu neno "uraibu," tulitumie kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022, lakini kwa vigezo vizito: mtu hawezi kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa inamharibia. Kwa kawaida hali iwe imedumu miezi 12, na iwe imeathiri vibaya familia, shule au maisha ya kijamii. Mtoto anayenuna unapozima hajafika huko. Aliyeacha marafiki, aliyeporomoka shuleni, asiyelala, anayedanganya na kuiba ili acheze, huyo mpeleke kwa mtaalamu, na usisubiri miezi 12 itimie. Uliza pia anakimbia nini, maana mara nyingine gemu ndiyo mahali pekee ambapo mtoto anayeonewa shuleni haonewi.

Hatua ya 9: Jua la kufanya jambo likitokea

Kwa matusi na kejeli, zima sauti ya mhusika, mzuie, mripoti ndani ya gemu, kisha kaa na mtoto. Usimwambie "ni gemu tu." Wale ni watu na maneno yao yanauma.

Kwa mtu mzima anayerubuni, au kwa vitisho vya picha, mpangilio wa hatua ni muhimu. Mwambie mtoto kwanza kwamba hana kosa. Usifute kitu: piga picha za skrini za mazungumzo, jina la akaunti, tarehe na saa. Kama kuna picha za utupu za mtoto, usizinakili wala kumtumia mtu yeyote. Kifaa chenyewe kihifadhi kama kilivyo. Usilipe, kwani anayelipwa hudai tena. Usijifanye mtoto ukaendelea kumjibu mtu huyo, hiyo ni kazi ya polisi. Ukishahifadhi ushahidi, mzuie, toa taarifa kwa kampuni ya gemu na kwa polisi. Nchi nyingi zina namba ya simu ya kuwasaidia watoto, itafute leo uiweke kwenye simu yako kabla hujaihitaji. Kwa picha za aliye chini ya miaka 18 ipo pia huduma ya bure ya Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye kifaa chako, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Usiku huo mtoto asiachwe peke yake. Aibu ya kutishiwa picha imewahi kuwafikisha watoto kwenye kujidhuru.

Hatua ya 10: Sasa pima, na uamue

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Upande mmoja kuna faida ulizoziona. Upande wa pili andika hatari zilizobaki baada ya kurekebisha akaunti, mawasiliano na pesa, si zile zilizokuwepo mwanzoni. Utashangaa ngapi zimefutika.

Kama zilizobaki ni ndogo na faida unaziona, ruhusu. Kama faida ni za kweli lakini kuna jambo usiloweza kulifunga, ruhusu akiwa mbele yako tu, au kwenye seva ya faragha na watu unaowajua. Kama umekaa naye, umeicheza, na bado huwezi kuandika faida hata moja, sema hapana, na mweleze kwa nini. "Wenzangu wote wanacheza" ni hoja unayopaswa kuisikiliza, kwa sababu kuachwa nje kunauma kweli, lakini peke yake haitoshi. Mara nyingi wazazi wawili watatu wa darasa moja wakiongea, wanakuta kila mmoja aliruhusu kwa kudhani wengine wote wameruhusu.

Angalia mtoto kuliko umri. Wapo wa miaka kumi wanaokuja mbio kusema "kuna mtu kaniandikia," na wapo wa kumi na nne wanaoficha. Yule wa kwanza anaweza kupewa zaidi.

Uamuzi uandikwe, usainiwe na nyote, pamoja na yale uliyoahidi wewe. Kisha panga tarehe ya kuupitia upya, miezi mitatu mbele, na usiingoje tarehe hiyo kama amepata kifaa kipya, ametaja rafiki mpya usiyemjua, au gemu imepata sasisho kubwa. Baada ya sasisho, chukua akaunti yako ya majaribio umtumie tena ombi la urafiki, uone kama linafika.